Aristo 2JZ ya dragi, nataka hosipawa 700: turbo saizi gani? (ya kwanza imepasuka)

aristo_wa_malaba

Wazee habari za jioni. Naombeni mawazo kabla sijatupa pesa mara ya pili. Niko na Toyota Aristo JZS161 ile V300, injini 2JZ-GTE (lita 3, silinda sita) ya VVT-i, automatiki yake ya kiwandani. Naishi Kampala ila kwetu ni Malaba kwa hiyo mtanivumilia Kiswahili changu cha mpakani. Gari ni ya dragi tu, mita 402, kazini naenda na boda.

Ilivyokuwa ni hivi. Turbo zake mbili za Japani nilizitoa mwaka juzi, zile CT20 zenye tabaini (gurudumu linalozungushwa na moshi wa ekzosi) ya kauri, moja ilikatika gurudumu nikiwa nimepandisha busti, yaani presha ya hewa ya turbo, kidogo tu. Nikaagiza turbo moja kubwa mtandaoni, mm 66, muuzaji simtaji, kwenye picha ilikuwa nzuri na bei ilikuwa robo ya bei ya wenzake. Ikafika, ikafungwa, ikapiga mluzi mtamu sana wiki tatu. Wiki ya nne niko gia ya tatu nasikia PAA, nyuma moshi wa buluu kama mtu anafukiza mbu, nikazima gari nikaisukuma. Kufungua nakuta shafti imekatika, gurudumu la kompresa (upande unaosukuma hewa) limeitafuna hauzingi yote na vumbi la alumini limefika mpaka ndani ya intakula, kile kipoza hewa. Ile intakula nimeosha mara tano na bado siiamini.

Sasa nataka kitu cha kweli. Lengo ni 700 kwenye injini, sio kwenye matairi. Ndani nina pistoni na konrodi za kufoji maana hizi za VVT-i konrodi zake ni nyembamba kuliko za 2JZ ya zamani, stadi za hedi, gaskiti ya chuma, kompyuta ya kutyuniwa, injekta sita za cc 1000, pampu moja ya mafuta ya lita 255 kwa saa. Manifoldi ni ya kuchomelea, flanji (kikao cha turbo) ya T4 yenye mlango mmoja, wastegeti (valvu ya kupunguza busti) moja mm 44.

Nilikuwa nimeshaamua Garrett G42-1200 kwa sababu nikinunua kubwa leo kesho sinunui tena. Lakini kuna jamaa Mombasa ana gari kama yangu kabisa, yeye anatumia G35-900 na anaifikia 700 bila shida, anasema mimi natafuta sifa tu. Mwingine kaniambia BorgWarner S366 SX-E kwa sababu inakaa kwenye T4 yangu bila kukata kitu. Nimechanganyikiwa.

Jambo la pili, ile turbo ya zamani ilikuwa haishiki pale mstarini. Nakanyaga breki na mafuta pamoja, RPM inasimama 2,200 haiendi popote, taa inakuwa kijani, vijana wa Subaru wananiacha mita 60 za kwanza zote. Mwisho nawapita, wengine hata siwapati.

spana14

Pole sana ndugu yangu, rahisi ghali. Chukua G42-1200 usiulize mtu. Mm 73 ile ya gurudumu la kompresa, 700 inaitoa ikiwa imelala usingizi, haitoi hata jasho, na siku ukitaka 1000 unaongeza busti tu. Watu wote niliowaona wananunua turbo ndogo wanarudi kuuza baada ya miezi sita. Turbo ndogo ni majuto bana.

lori_na_trela

Mimi nitasema jambo watu hawapendi. Umeshatembea kwenye maduka ya spea za malori mjini? Holset, turbo za malori. Turbo ya lori inavuta trela la tani 40 kutoka Mombasa mpaka Kigali, inapanda milima, inashuka, inakula vumbi, na inafanya hivyo miaka na miaka. HX40 ina mm 60 na kidogo, HX52 na HX55 ziko juu ya hapo. Ukipata ya kuvuliwa iliyo nzima unafunga kiti kipya cha beringi na sili na umemaliza kwa pesa ambayo huyo wa G42 analipa ushuru tu.

Angalizo tatu. Moja, Holset hawapimi tabaini kwa A/R (namba ya ukubwa wa nyumba ya tabaini), wanaandika sentimita za mraba, 12, 16, 18, 22, kwa hiyo usilinganishe namba kienyeji. Mbili, nyingi hazina wastegeti au zina ya ndani ambayo ni ndogo kwa petroli, utaweka ya nje. Tatu, ukiishika shafti kwa vidole na inacheza kwenda mbele na nyuma, iache pale pale dukani hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida kwa beringi za mafuta, mbele na nyuma hapana.

spana14

lori unataka mtu aweke turbo ya Fuso kwenye Aristo 😂

lori_na_trela

Cheka tu. Turbo yake ya mtandaoni iliishi wiki tatu na nusu. Zangu zinaishi kuliko dereva.

hesabu_na_spana

Malaba, kabla ya mtu kukuuzia saizi ngoja tupige hesabu, kwa sababu hapa kila mtu anataja turbo na hakuna aliyetaja hewa.

Injini haijui milimita. Injini inajua uzito wa hewa. Kwa petroli, kadirio la mafundi ni kwamba pauni 1 ya hewa kwa dakika inakupa kama hosipawa 10, ila tufanye ya kwako vizuri. 700, mchanganyiko wa hewa 11.5 kwa mafuta 1, matumizi ya mafuta pauni 0.55 kwa kila hosipawa kwa saa: 700 × 11.5 × 0.55 ÷ 60, unapata pauni 73.8 kwa dakika. Hiyo haibadiliki ukiwa Mombasa au Kampala, ndiyo chakula chenyewe.

Sasa ili injini ya lita 3 imeze hizo pauni 73.8 kwa RPM 7,500, ujazo wa silinda tuseme 95%, hewa ya kwenye manifoldi nyuzi kama 54, unahitaji presha ya jumla ya PSI 42.7 ndani ya manifoldi. Presha ya jumla inahesabu na hewa ya nje, sio ya geji, ambayo inaanza sifuri kwenye hewa ya nje. Kompresa lazima itoe zaidi kidogo kwa sababu intakula na mabomba yanakula kama PSI 2, kwa hiyo 44.7.

Hapo ndipo wewe na rafiki yako wa Mombasa mnapoachana. Yeye yuko usawa wa bahari, hewa ya nje anapewa bure kwa PSI 14.7. Wewe uko mita 1,200 hivi, unapewa 12.7 tu. Gawanya:

Mombasa: 44.7 ÷ 14.7 = 3.04
Kampala: 44.7 ÷ 12.7 = 3.52

Huo ni uwiano wa presha, ndio unaosomwa upande wa kushoto wa ramani ya kompresa (mchoro wa kiwanda unaoonyesha turbo inafanya kazi vizuri wapi), kwenda juu. Na bado. Ule mstari wa chini, wa mtiririko, umechorwa kwa hewa ya kiwango fulani (Garrett wanatumia PSI 13.95), kwa hiyo lazima usahihishe. Mombasa hizo 73.8 zinasomeka kama 70. Kampala zinasomeka kama 81. Yaani mko na injini moja na hosipawa moja lakini kwenye ramani mko mitaa miwili tofauti, yeye ameketi katikati ya kisiwa ambapo ufanisi ni mzuri, wewe umesogea juu NA kulia, karibu na ukingo. Turbo yako inazunguka kwa kasi kubwa kuliko yake kufanya kazi ile ile.

Kwa hiyo jamaa wa Mombasa hadanganyi. G35-900 kwake ni sawa. Kwako itafika 700 ikiwa imetoa ulimi, na turbo ikitoa ulimi haikuongezei nguvu, inakuongezea joto. Angalia: kwa uwiano wa 3.52, ufanisi ukiwa 72% hewa inatoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi karibu 207. Ufanisi ukishuka 65% kwa sababu umeng'ang'ania ukingoni, ni nyuzi 227. Intakula yako imeshakula vumbi la alumini, usiiongezee na hiyo.

Mimi ningechukua G35-1050. Mm 68, inakubeba kwenye 81 na 3.5 ukiwa bado na nafasi, na haijawa kubwa kiasi cha kukuacha mstarini. Hiyo familia ya G ina tundu la sensa ya kasi kwenye hauzingi ya kompresa, tafadhali sana weka hiyo sensa, kwa urefu huu wa juu ndiyo itakayokuambia unakaribia kuiua kabla haijafa.

mkenya_wa_busti

Watu wa Kampala mnalia na 12.7? Karibuni Nairobi, tuko karibu mita 1,800, PSI 11.8 🙃 Hesabu ile ile ya kaka hapo juu inakuwa 3.79. Huku tumejifunza kwa maumivu, video ya mtu wa Florida akikuonyesha 900 na turbo fulani unatoa moja ya tano kichwani ndipo unaanza kufikiria.

Naongezea kitu kimoja. Angalia sensa yako ya presha ya manifoldi. Kama ni ya bar 3 inaishia PSI 43.5 za jumla, na wewe unahitaji 42.7. Ikipanda kidogo tu kompyuta inakuwa kipofu, inadhani busti imesimama kumbe inaendelea kupanda. Bar 4 sio anasa.

hesabu_na_spana

Dada, sio kaka. Na asante kwa hiyo ya sensa, nilisahau.

mkenya_wa_busti

Samahani sana dada 🙏

aristo_wa_malaba

Dada hesabu nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu. Kumbe! Miezi yote hii nilikuwa nafukuza PSI 28 kwa sababu jamaa wa Mombasa anatumia 28. Sensa ni ya bar 3, ndio. Sasa busti ya geji kwangu itakuwa ngapi? Na petroli ya kwenye pampu itakubali?

hesabu_na_spana

42.7 toa 12.7, geji yako itasoma 30. Ya Mombasa 28. Wewe lazima usukume zaidi kwa geji kupata hewa sawa, ndiyo bei ya kuishi karibu na ziwa zuri.

Petroli ya kawaida ya stesheni na PSI 30, hapana. Itagonga, yaani mafuta yatalipuka yenyewe kabla ya wakati, na kugonga kwa busti hiyo hakukupi onyo mara mbili. Nimeona watu wanatafuta petroli ya ndege, ile 100LL, kwa nguvu inasaidia lakini ina risasi na inaua sensa ya oksijeni, kwa hiyo ukiiweka hesabu sensa kama gaskiti, kitu cha kubadilisha. Njia nyingine ni kupuliza maji na methanoli. Na ethanoli ipo nchini, viwanda vya sukari wanaitengeneza, Kakira wana mtambo wao, ila hakikisha unajua ina maji kiasi gani na wamechanganya nini ndani, spiriti ya kufutia vidonda sio mafuta ya mbio. Ukienda ethanoli mafuta yanaongezeka kwa theluthi hivi au zaidi na injekta zako zitaanza kubana.

Hapo kwenye mafuta ndipo penye shida yako kubwa kuliko turbo. Injekta cc 1000 kwa petroli ziko sawa, zitafanya kazi kama 67%. Pampu ndiyo hapana. 700 inakula karibu lita 235 kwa saa, na pampu ya lita 255 inaitoa hiyo 255 ikiwa presha ni ya chini. Ya kwako itakuwa inasukuma PSI 43 za kawaida jumlisha 30 za busti, 73, hapo imeshaishiwa pumzi kitambo. Weka mbili au weka moja ya 450, na waya mpya wa umeme kutoka kwenye betri wenye rilei yake. Gari nyingi zinazosemwa "turbo ndogo, inakata huko juu" hazina shida ya turbo, mchanganyiko unakuwa mkavu tu mwenyewe hajui.

spana14

Hesabu ni nzuri lakini dragi sio karatasi. Mimi bado nasema G42. Kwani ikiwa kubwa kwenye ramani si ndiyo anakaa katikati kabisa ya ufanisi?

hesabu_na_spana

Pale juu ndiyo, utakaa vizuri. Lakini ili ufike pale juu lazima kwanza uondoke mstarini, na mtu mwenyewe ameshatuambia gari inasimama RPM 2,200. Haya niambie gesi ya RPM 2,200, kwenye hewa ya Kampala, itazungusha tabaini ya G42 saa ngapi. Atakuwa ameondoka na injini ya lita 3 isiyo na busti, gari ya tani 1.7, akishindana na Subaru yenye gia ya mkono inayovuta miguu yote minne. Turbo itashika gia ya pili katikati, itashika yote kwa mpigo, matairi yatavuta moshi, na watu watashangilia. Muda utakuwa mbaya lakini video itakuwa nzuri.

mkenya_wa_busti

😂😂 hiyo ya video imenigusa binafsi

lori_na_trela

Dada amesema nilichotaka kusema. Malaba, shida yako ya mstarini sio turbo, ni tokikonveta, ile inayounganisha injini na giaboksi ya automatiki. Konveta ya kiwandani imetengenezwa kwa mzee anayeenda ofisini Tokyo. Inashika kwenye 2,200 na hapo inakuwa kama umefunga injini na kamba. Unahitaji iliyokatwa upya, inayoachia mpaka 3,800 au 4,000. Hapo unakanyaga breki, injini inapanda, gesi inakuwepo, busti ya PSI 8 au 10 inajengeka kabla ya taa. Hiyo peke yake itakupa sekunde nyingi kuliko kubishana 900 na 1050. Ukiona konveta haitoshi, naitrasi (gesi ya kuongeza nguvu) kidogo, ya hosipawa 50 au 75, inafunguka ukiondoka na inajizima busti ikifika. Sio ya nguvu hiyo, ni kiberiti cha kuwashia turbo.

Na uangalie hali ya giaboksi yenyewe. 700 kwenye automatiki ya kiwandani ambayo haijaguswa ni kuomba msiba. Klachi zake za ndani, mwili wa valvu, kipoza oili kikubwa. Wenzako wengi wananunua turbo ya dola elfu mbili na ushee halafu giaboksi inakufa siku ya kwanza, wanasema turbo ina mkosi.

aristo_wa_malaba

Sasa mnanitisha, bajeti ilikuwa ya turbo peke yake 😅 Turbo, pampu, konveta, giaboksi, sensa. Banange.

Basi nipangieni. Kitu gani kwanza? Na ile S366, hakuna aliyeigusa.

hesabu_na_spana

S366 SX-E ni turbo ya heshima. Mm 66, beringi za mafuta za kawaida sio za gololi, kwa hiyo bei iko chini na fundi yeyote mwenye akili anaweza kuifungua na kuirudishia. Inakaa kwenye T4 yako bila kuchomelea tena, ila nyumba zake nyingi za tabaini zina milango miwili na manifoldi yako ina mlango mmoja, itafanya kazi lakini faida ya milango miwili hupati. Ukitaka faida hiyo unajenga manifoldi upya, silinda 1, 2, 3 mlango wao na 4, 5, 6 mlango wao, na wastegeti mbili kila mlango na yake. Inashika mapema kabisa ikiwa hivyo. Lakini ni kuchomelea kwa mtu anayejua, sio wa kutengeneza mageti.

G35-1050 ina gololi, inashika mapema kidogo, ukiichukua ya V-bendi (kiungio cha kubana kwa mkanda) flanji yako unaikata. Tabaini ukichagua V-bendi kuna A/R 0.83 na kuna 1.01. Na konveta ya kiwandani ningesema 0.83. Na konveta ya 4,000 ningesema 1.01 bila kufikiria, kwa sababu huko juu presha ya ekzosi kabla ya tabaini inapanda, ikizidi mara mbili ya busti injini inaanza kumeza moshi wake yenyewe.

Mpangilio wangu kwa pesa ya mtu wa kawaida: pampu na sensa ya bar 4 kwanza, hizo ni pesa ndogo na ndizo zinazookoa injini. Konveta na giaboksi pili. Turbo ya tatu. Najua unataka kusikia kinyume.

Sasa nikuulize kitu. Ile iliyopasuka bado unayo? Shafti pale ilipokatika ina rangi gani? Na ilikuwa na beringi za gololi au za shaba, zile za mafuta?

afande_mstaafu

Vijana mmesema yote ya nguvu, mimi niseme ya shingo. Gurudumu la kompresa likipasuka kwenye RPM laki moja linatoka kama risasi, nimeona bonati iliyotobolewa. Turbo hiyo iko nusu mita kutoka kwenye magoti yako na bomba la mafuta liko jirani. Kizima moto ndani ya gari, mkanda wa maana, kofia, na bomba la mafuta lisipite karibu na tabaini. Kwa hesabu za kawaida gari ya kilo 1,750 na dereva ndani, 700 inakufikisha kwenye sekunde kumi na robo, mwisho wa mita 402 uko kilomita 210 kwa saa. Umefikiria breki?

Na mkimbie uwanjani. Expressway ya Entebbe ni ya watu kwenda kupanda ndege.

aristo_wa_malaba

Afande asante, breki bado ni za kiwandani, naongeza kwenye orodha, orodha sasa ni ndefu kuliko ya harusi.

Dada hesabu, nimerudi kutoka stoo. Turbo ninayo kwenye gunia. Beringi ni za shaba, bushi mbili, hakuna gololi kabisa ingawa kwenye tangazo waliandika gololi. Shafti ina rangi ya buluu kubwa hapa karibu na beringi ya upande wa tabaini, na zambarau kidogo, halafu ndipo imekatika. Bushi moja imegandana na shafti haitoki.

hesabu_na_spana

Buluu ni joto na bushi kugandana ni kukosa oili. Hiyo turbo haikufa kwa ubora mbaya peke yake, ilikufa kwa kiu. Mpira wa kuleta oili ulikuwa saizi gani, na kuna kizuizi chochote kwenye kiungio cha juu pale inapoingia? Fungua kile kiungio cha kwenye turbo utazame ndani.

aristo_wa_malaba

Nimefungua. Ndani kuna kipande cha shaba nyeupe kimesokotwa, katikati kina tundu dogo sana, sindano ya kushonea inapita kwa shida. Fundi anasema ni mm 1 na alikiweka kwa sababu nilimwambia.

hesabu_na_spana

Ndiyo hiyo. Kizuizi cha mm 1 ni cha turbo ya gololi, kwa sababu gololi zinataka oili kidogo na ikizidi inavuja kwenye sili. Beringi za shaba zinaelea juu ya oili, zinataka oili nyingi, unaweka mpira wa kawaida bila kizuizi. Ukaizungusha kwa kasi ya Kampala, kwa uwiano wa 3 na zaidi, ikiwa inanyonya oili kwa mrija wa juisi. Wiki tatu na nusu ilijitahidi.

Ukinunua G35 soma maelekezo yake kuhusu kizuizi, oili ifike kwenye turbo na PSI 40 hivi injini ikiwa juu. Ukinunua S366 au Holset ya lori, kizuizi kinatoka. Na mpira wa kurudisha oili ushuke wima, mpana, uingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili, usikunjwe popote.

lori_na_trela

Kumbe muuzaji wa watu alikuwa na kosa nusu tu.

spana14

Kizuizi cha mm 1 kwenye beringi ya shaba?? Jamani nani alimshauri huyu ndugu aweke hicho kitu?

aristo_wa_malaba

Wewe spana. Uzi wa mwezi wa tisa mwaka jana, ukurasa wa pili, "weka kizuizi cha mm 1 kwa turbo yoyote, usiulize mtu". Bado uko pale.

spana14

...

spana14

Hiyo pampu ya lita 450 ninayo moja mpya kwenye boksi, njoo uichukue Jumamosi, usilipe.